Vipimo vimepita, mbona lami inatiririka mlimani?

Swali la msomaji: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi sanifu kwenye mradi wa ukarabati wa barabara kuu ya malori. Kuna sehemu ya kupanda mlima ambapo lami haijamaliza miaka miwili na tayari ina mifereji ya magurudumu inayoshika maji. Upande wa pili, wa kushuka, lami ni ileile na haina tatizo, ingawa malori yanayoshuka nayo yana mizigo, mengi ya shaba. Mkandarasi anasema malori yanazidisha uzito. Mhandisi mshauri anasema bitumeni ilikuwa ya daraja la 60/70 na vipimo vyote vya Marshall, vile vya maabara vya kusanifu mchanganyiko wa lami, vilipita. Nasikia watu wakizungumzia sayansi ya vifaa vya ujenzi, mara polima, mara plastiki. Inaweza kutusaidia kusanifu lami isiyofanya hivi, au ni mambo ya nchi tajiri?

Marahaba, mdogo wangu. Katika maelezo yako kuna jambo ambalo mkandarasi na mshauri wote wamelipita bila kuligusa: upande wa kushuka ni mzima. Ingekuwa uzito peke yake ndio chanzo, malori ya shaba yangeshauchimba na upande huo. Na kama bitumeni ilikuwa moja na vipimo vilevile, basi vipimo hivyo havikuuliza kile ambacho malori yanaifanyia lami yakiwa yanapanda. Hapo ndipo sayansi ya vifaa inapoingia. Jibu langu ni ndiyo, inasaidia, na sehemu kubwa ya msaada wake haihitaji utajiri. Inachodai ni kwamba bitumeni na kokoto zipimwe katika joto, mwendo na mgandamizo zitakaokutana nao barabarani, kisha ndipo zichaguliwe.

Katika jibu hili nitasema bitumeni kwa ile gundi nyeusi inayotoka kwenye matangi, na lami kwa mchanganyiko mzima wa bitumeni, kokoto, vumbi la mawe na hewa. Hewa nimeihesabu makusudi, na tutaifikia.

Kwanza hakikisha ni tabaka gani lililoshindwa. Weka rula ya mita 2 kukatiza njia ya magurudumu na uangalie umbo. Mfereji mwembamba wenye kingo zilizofumuka pembeni maana yake lami imetiririka yenyewe: haikupungua, imesukumwa kando. Bonde pana lisilo na kingo linaonyesha kwamba msingi au udongo wa chini umelemewa, na hapo hata ukileta bitumeni ya gharama gani hutapata kitu. Kisha kata. Omba ruhusa ya kukata kwa msumeno mkato mwembamba wa upana wa njia nzima hadi kwenye msingi, usafishe ukuta wake kwa maji, uchore kwa chaki mpaka wa kila tabaka. Ukiona mpaka kati ya lami na msingi umenyooka huku uso wa juu una mawimbi, msingi hauna hatia. Mistari yote ikiwa imezama pamoja, shida yako ni maji, udongo na CBR, yaani kipimo cha nguvu ya udongo, na hilo ni jibu lingine kabisa. Kwa ulivyoeleza, mifereji ndani ya miaka miwili na upande mmoja tu, natarajia mstari wa msingi uwe umenyooka.

Sasa tuje kwenye joto. Kati ya 1987 na 1993 Marekani iliendesha mpango mkubwa wa utafiti wa barabara, kwa bajeti ya dola milioni 150. Moja ya matunda yake ni hesabu fupi ya kukadiria joto ndani ya lami, kwenye kina cha milimita 20, kutokana na joto la hewa na latitudo. Chukua ukanda wa mabondeni kwetu: tuseme wastani wa joto la juu hewani kwa siku saba za joto kali kabisa ni nyuzi 34, na latitudo ni kama 8 kusini. Hesabu inatoa nyuzi 56. Kwa kipimo cha pete na gololi, kinachoonyesha bitumeni inalegea chini ya gololi ikifika joto gani, bitumeni ya 60/70 hulainika mahali fulani kati ya nyuzi 48 na 56. Yaani saa nane mchana, siku ambazo kila dereva anatafuta kivuli, gundi inayoshikilia barabara yenu iko juu ya kiwango chake cha kulainika au inakikaribia, na lori lenye tela linapita juu yake.

Linganisha hilo na kipimo kilichoipa bitumeni yako jina. Sindano na mzigo wake, jumla gramu 100, inaachiwa sekunde 5 juu ya bitumeni yenye nyuzi 25. Ikizama kati ya milimita 6 na 7, umepata 60/70. Nyuzi 25 ni joto la barabara yenu alfajiri. Ni kipimo kizuri cha kutambua bidhaa, ila hakisemi lolote kuhusu mchana. Samli na mafuta ya nazi vyote utavikuta vimeganda asubuhi ya baridi ya Juni kule Makambako; jua likipanda, kimoja huwa maji mapema kuliko kingine. Bitumeni nazo ziko hivyo. Ndani yake kuna mafuta mepesi, kuna resini, na kuna chembe nzito za asfalteni zinazoshikana na kuipa ugumu, na mgawanyo wa vitu hivyo hutegemea mafuta ghafi yalitoka kisima gani na kiwanda kiliyachakata vipi. Matangi mawili yenye hati ya 60/70 yanaweza kuzama sindano sawasawa kwa nyuzi 25 na kutofautiana sana kwa nyuzi 60. Sisi tunanunua bitumeni kutoka ng'ambo, shehena moja hapa, nyingine pale, kwa hiyo suala hili linatuhusu kuliko wengi.

India, ambayo jua lake linafanana na letu, ililitatua kwa njia ya unyofu. Kiwango chao cha mwaka 2006 kiliacha kuainisha bitumeni za kutengenezea barabara kwa sindano, kikaanza kuziainisha kwa unato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, kwenye nyuzi 60. Ile ngumu zaidi, VG-40, wanaielekeza sehemu za magari mazito na ya polepole, kama makutano na vituo vya kulipia ushuru wa barabara. Kifaa cha kupimia unato kwa nyuzi 60 ni mrija wa kioo, bafu ya maji yenye joto lisiloyumba, pampu ya kunyonya hewa na saa. Maabara ya mradi inaweza kukimudu. Kama ningeambiwa nichague badiliko moja tu katika mikataba yetu ya barabara za malori, ningechagua hilo.

Lakini joto ni lilelile pande zote mbili za barabara yako, kwa hiyo bado hatujaeleza kwa nini mmoja umeharibika. Kinachozitenganisha ni muda. Bitumeni ya moto ni nusu ya kutiririka na nusu ya kunepa. Ukiisukuma haraka, inanepa na kurudi. Ukiikandamiza taratibu, inatiririka na hairudi. Weka mguso wa tairi kuwa na urefu wa sentimita 25. Lori la kilomita 60 kwa saa linapita juu ya nukta moja kwa milisekunde 15. Lori hilohilo likipanda kwa kilomita 10 kwa saa, linakaa hapo milisekunde 90. Ni mara sita. Kwa ile sehemu ya tabia inayotiririka, lori moja linalopanda linafanya kazi ya malori sita ya tambarare, bila kuongeza hata kilo moja ya mzigo. Juu ya hapo ongeza msukumo wa magurudumu ya injini yanayoparura lami kurudi nyuma ili lori lipande. Pita mlima Kitonga mchana utayaona malori yakitambaa kwa namna hiyo, na ndivyo yalivyo pia kwenye foleni za mizani na kwenye makutano ya mijini. Sehemu hizo hazitakiwi kupewa lami moja na tambarare, na mara nyingi hupewa.

Utafiti ule wa Marekani uliliona hili. Mfumo uliotokana nao huainisha bitumeni kwa joto la barabara yenyewe, ndiyo sababu utakutana na majina kama PG 64-22: kazi yake iko kati ya nyuzi 64 juu na nyuzi 22 chini ya sifuri. Kwetu namba ya chini haina maana kubwa. Namba ya juu hupatikana kwa kusokota sampuli nyembamba ya bitumeni kwenye mashine iitwayo reometa, kwa kasi inayowakilisha magari ya takriban kilomita 90 kwa saa. Bitumeni nyingi za 60/70 hufikia PG 64. Ukitazama joto peke yake, nyuzi 56 ndani ya 64, ungesema tuko salama. Lakini 64 hiyo ni kwa magari yanayokimbia. Malori yakitambaa, kanuni ni kupanda daraja moja au mawili, hadi 70 au 76.

Baadaye likaja toleo bora la kipimo hicho, na hili ndilo ningependa ulijue kwa jina na kwa namba. Bitumeni iliyozeeshwa kwanza kwenye oveni, ili ifanane na ile iliyopita kwenye mtambo, inasokotwa kwa sekunde 1 na kuachwa sekunde 9, na mzunguko huo unarudiwa. Kinachopimwa ni kiasi ambacho haikurudi, kikigawanywa kwa nguvu iliyotumika, na ndicho kinachoitwa Jnr. Chini ya nguvu ya kilopaskali 3.2, bitumeni ya daraja S, ya magari ya kawaida, inaruhusiwa Jnr hadi 4.5. Daraja H linataka isizidi 2, V isizidi 1, na E isizidi 0.5. Mgawanyo wa matumizi yake unataja mwendo waziwazi: magari ya kilomita 20 hadi 70 kwa saa yanaita H, chini ya 20 yanaita V, na chini ya 20 pamoja na wingi wa magari unaozidi mapito milioni 30 ya ekseli sanifu, yaani ya tani 8.16, unaita E. Bitumeni isiyoongezwa kitu kwa kawaida hukaa S, ikijitahidi sana H. Mlima wako unaita V au E. Mshauri wako hakudanganya aliposema vipimo vilipita, ila vilipita kwenye mtihani wa barabara tambarare. Afrika Kusini imeshahamia mfumo wa namna hii na kuandika kiwango chake yenyewe kwa hali ya huko, kwa hiyo hii si habari ya Ulaya na Marekani tu.

Baada ya kusema yote hayo, bitumeni isichukue sifa zote wala lawama zote. Kwenye nyuzi 56, anayebeba mzigo ni jiwe. Kokoto zenye kona zikibanana, mzigo hupita kutoka jiwe hadi jiwe, na gundi inabaki na kazi ya kuzizuia zisihame. Ukiweka mchanga wa mto, ambao chembe zake zimeviringwa na maji, umeweka gololi katikati ya mawe. Wakandarasi huupenda kwa sababu ni rahisi na unafanya lami ishindiliwe bila shida. Ule urahisi wa kushindilia ndio ninaouogopa, maana kinachoteleza chini ya rola kitateleza chini ya tairi. Pima: mimina mchanga mkavu kupitia faneli hadi kikombe cha ujazo unaojulikana kijae, usitikise, kata juu kwa rula, upime uzito. Hesabu nafasi iliyobaki kati ya chembe. Kwa barabara za magari mazito mfumo wa Kimarekani unataka nafasi hiyo isipungue asilimia 45, kwa sababu chembe zenye kona haziketi vizuri. Ni kipimo cha dakika chache, kisichohitaji umeme. Mawe yaliyosagwa vizuri hupita. Mchanga wa mto mara nyingi huanguka.

Na sasa hewa. Lami nzuri ikishindiliwa hubaki na asilimia kadhaa ya hewa. Hewa hiyo ni chumba cha bitumeni kupanukia ikipata moto. Ikishuka chini ya asilimia 3, bitumeni inajaza kila nafasi, inaanza kubeba mzigo yenyewe badala ya mawe, na lami inatiririka. Kipimo cha Marshall kwa barabara nzito kinapiga sampuli vipigo 75 kila upande, na msanifu anachagua bitumeni inayoacha hewa asilimia 4. Mlimani, malori yanayotambaa kwenye lami ya moto hushindilia kuliko vipigo 75. Mwaka wa kwanza tu hewa inaweza kushuka kutoka 4 hadi 2 na hapo mifereji huanza.

Maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, ambayo imefanya kazi miaka mingi katika nchi za joto, iliandika mwongozo wa lami za nchi hizo mwaka 2002, na ndani yake kuna suluhisho ambalo nalithamini mno kwa sababu fundi yeyote anaweza kulifanya. Shindilia sampuli kwa nyundo ya umeme ya kutetemesha hadi igome, yaani hadi isipungue tena kimo. Kisha pima hewa. Kwa sehemu zenye mzigo mkali kama mlima, hata baada ya kugoma lazima hewa isipungue asilimia 3. Mchanganyiko ukitimiza hilo, hakuna lori litakaloushindilia kupita nyundo, na ile asilimia 3 itabaki maisha yake yote. Waulize kama kipimo hiki kilifanyika kwenye mlima wako. Naweza kuwa nakosea, lakini kwa dalili ulizotaja sidhani.

Angalia pia jinsi kosa dogo linavyokula ile hewa. Mita moja ya ujazo ya lami ina uzito wa kilo 2,350 hivi. Mwendeshaji wa mtambo akizidisha bitumeni kwa asilimia 0.5, ameongeza kilo 12, karibu lita 11 na nusu katika ujazo wa lita 1,000. Hewa inapungua kwa takriban asilimia 1.1. Lami iliyosanifiwa kwa 4 imekuwa 2.9 kabla rola halijagusa. Kwa macho inapendeza, nyeusi na ya kung'aa, na mkaguzi asiye makini anaisifu. Fuatilia rekodi za kila siku za mtambo kwa tarehe zile mlima ulipowekwa lami.

Mkandarasi naye ana haki yake, uzito una nafasi. Majaribio makubwa ya Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, na miongozo ya nchi za joto hutumia 4.5. Ekseli ya tani 10 hufanya uharibifu wa ekseli sanifu mbili na nusu za tani 8.16. Ukiipandisha hadi tani 13, inafanya wa ekseli nane. Kwa hiyo mizani ina kazi, na sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki isimamiwe bila kupepesa. Ila hesabu hiyo inaeleza zaidi uchovu wa msingi na udongo. Kwa mifereji iliyomo ndani ya lami, upepo wa tairi una nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Leo si ajabu kukuta tairi la lori limejazwa psi 120, na msukumo wa kukata unaotokana nalo, yaani ule unaotaka kutelezesha sehemu moja ya lami juu ya nyingine, huwa mkali zaidi kama sentimita 5 hadi 10 chini ya uso. Kwa usanifu hilo lina maana moja kubwa: usiweke bitumeni ya gharama kwenye sentimita 5 za juu peke yake ukaacha tabaka la pili liwe la bei rahisi. Tabaka la pili ndilo linalokatwa zaidi. Nimeona michoro mingi iliyopanga kinyume chake.

Kuhusu polima, yaani vitu vya minyororo mirefu kama mpira na plastiki. Inayotumika zaidi huitwa SBS, kwa asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa bitumeni. Kila mnyororo wake una ncha ngumu na katikati ya mpira. Ncha hukusanyika pamoja, mpira hunyonya mafuta mepesi ya bitumeni na kuvimba, na kipimo kikitosha unapata wavu wa mpira ulioenea ndani ya bitumeni yote. Wavu huo ndio unaoirudisha baada ya lori kupita, na ndio unaoshusha Jnr hadi V na E. Ukipokea shehena yake, usiridhike na hati. Mimina bitumeni kwenye kalibu, vuta uzi wake hadi sentimita 20 ndani ya maji ya nyuzi 25, ukate katikati kwa mkasi, subiri nusu saa, upime umejirudi kiasi gani. Bitumeni ya kawaida hukaa ilipo kana kwamba hujaigusa. Iliyo na SBS ya kutosha hujikunja mbele ya macho yako, na hicho ndicho unacholipia. Iangalie pia kwenye tangi: isipokorogwa, polima hupanda juu na kujitenga, ikichemshwa kupita kiasi, minyororo hukatika na unabaki na bitumeni ya kawaida kwa bei ya juu.

Plastiki nayo inaulizwa kila mahali. India ina mwongozo wa mwaka 2013 wa kutumia plastiki taka kwenye lami, kwa kuyapaka mawe ya moto plastiki laini kabla ya bitumeni. Njia hiyo inaongeza ugumu na inaweza kupunguza mifereji. Lakini plastiki ya mifuko haileti wavu wa mpira. Inakaza tu, hairudishi. Kwa barabara za mitaa naiunga mkono, maadamu mtu ameichambua na kuiosha. Kwa mlima wa malori, nisingeitegemea iwe mbadala wa SBS.

Ukikaza sana, kuna gharama nyingine inayokuja. Jua na hewa ya kwetu huzeesha bitumeni ya juu kabisa, milimita 2 au 3 hivi, mpaka inakuwa ngumu na yenye kukatika, na nyufa huanzia juu kushuka chini. Mchanganyiko uliosanifiwa kwa nyundo hadi kugoma una bitumeni pungufu kuliko ule wa kawaida, kwa hiyo huzeeka upesi usipofunikwa. Ndiyo sababu mwongozo uleule wa 2002 unashauri lami ya namna hiyo ipakwe juu bitumeni na kokoto ndogo za kuilinda. Watu wengi huukataa ushauri huo kwa kuona ni kulipia kitu kimoja mara mbili, nami nauona ni sehemu ya bei ya lami yenyewe. Na kama mawe yenu ni ya graniti au kwatsaiti, yenye silika nyingi, maji hupenda jiwe kuliko bitumeni inavyolipenda. Yakipenya, bitumeni hubanduka. Chokaa iliyozimwa, asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa kokoto, inatibu hilo kwa bei nafuu, na tunaizalisha wenyewe.

Kuna chaguo ambalo halijatajwa kwenye barua yako, nalo ni zege. Zege halijui nyuzi 56 wala kilomita 10 kwa saa. Njia za mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam zilijengwa kwa zege, kwa sababu hiyohiyo ya mabasi mazito yanayofuata mstari mmoja na kusimama kila kituo. Mwanzoni ni ghali, linataka msingi usiomomonyolewa na maji na viungo vilivyofanywa kwa uangalifu, na wakati wa ujenzi utafunga njia kwa muda mrefu kuliko lami. Lakini bitumeni yote tunaiagiza kwa fedha za kigeni, na saruji inatoka Wazo, Tanga, Mtwara na Mbeya. Kwa kipande kifupi cha mlima ambacho kila baada ya miaka michache kinachimbwa upya, ningedai hesabu ya miaka 20 ya zege na ya lami yenye SBS ziwekwe kando kwa kando kabla ya kuamua. Msikubali kulinganisha bei ya siku ya kwanza tu.

Kwa mradi wako wa sasa, nenda hivi. Ukishakata ule mkato, kata pia vipande vya duara kwenye mfereji na katikati ya njia, mahali magurudumu hayapiti. Pima hewa ya vyote. Katikati ikiwa 4 au 5 na kwenye mfereji 2 au chini yake, mchanganyiko ulishindiliwa na malori hadi ukajaa. Katikati penyewe pakiwa chini ya 3, kosa lilitoka mtambo au usanifu. Yeyusha bitumeni kutoka kwenye vipande, upime kiasi chake, chekecha mawe, na utazame chembe ndogo kwa lenzi uone kama zimeviringika. Kipande cha bitumeni iliyotolewa kipeleke kwenye maabara yenye reometa kwa ajili ya Jnr. Sampuli inayohitajika ni ndogo, inaingia kwenye kikopo cha mkononi. Matokeo hayo yakiwa mezani, mkandarasi na mshauri watakuwa na kitu cha kujibu badala ya kurushiana maneno.

Kisha watakuja na pendekezo la kufunika. Sentimita 5 za lami mpya juu ya mifereji, barabara inang'aa, cheti kinasainiwa. Likatae kwa maandishi. Tabaka lililotiririka likibaki chini, liko palepale kwenye ile sentimita 5 hadi 10 ambako tairi linakata zaidi, na litaendelea kutiririka likiwa limebeba lami mpya mgongoni. Kwangueni mpaka mfike kwenye lami au msingi uliokaa sawa, kama mkato wako utakavyoonyesha, kisha mjenge tabaka zote mbili kwa mawe ya kusagwa, bitumeni ya daraja V au E na hewa isiyopungua 3 baada ya nyundo kugoma. Anzieni mita mia moja hivi kabla ya pale malori yanapoanza kubadilisha gia, maana kwenye michoro mara nyingi kipande cha mlima huanzia penye mwinuko, wakati malori huwa yameshapoteza mwendo kabla ya hapo.